Kabla hujampandisha mbwa au paka kwenye gari: chanjo, hewa na kijiji anachokwenda

Kila msimu wa likizo za shule, na tena baada ya mavuno, simu ya studio yetu huleta maswali yanayofanana. Nimepewa mtoto wa mbwa na mjomba aliyeko Iringa, nitamfikishaje Ifakara? Mama mkubwa ana paka watatu na huku kwangu panya wanamaliza mahindi stoo, je, kondakta atanikubalia kupanda na mmoja? Mwingine amehamishiwa kituo kingine cha kazi na ana mbwa wa miaka sita ambaye hataki kumwacha.

Tumewauliza wataalamu wa mifugo, tumezungumza na madereva na makondakta wa njia ndefu, na makala hii inakusanya yale tuliyokwisha kuyaeleza hewani kwa vipande vipande. Isome, ihifadhi kwenye simu, mtumie na yule anayekuletea mnyama.

Wengi wanapouliza kuhusu safari huwaza kamba, boksi na nauli. Hayo tutayafikia. Tunaanza na chanjo, kwa sababu inahusu maisha ya watu.

Ugonjwa hupanda gari

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa kuumwa, kukwaruzwa au kulambwa kwenye kidonda. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Watoto ndio wanaoumwa zaidi, kwa kuwa ndio wanaocheza na mbwa na ndio wafupi: mbwa akiruka, anafika usoni.

Jambo la kuzingatia kwa msafiri ni hili. Mbwa aliyeambukizwa haugui siku ileile. Mara nyingi hupita wiki kadhaa, na wakati mwingine miezi, kabla dalili hazijaonekana. Katika muda huo anakula, anatikisa mkia, anacheza na watoto. Unampokea akiwa mzuri kabisa, unampandisha gari, unafika naye kilomita 300 mbali, na baada ya mwezi anaanza kuuma watu katika kijiji ambacho pengine ugonjwa huo haukuwapo. Kwa miguu yake mbwa huyo asingefika mbali na kijiji alikozaliwa. Aliyemfikisha huko ni sisi na gari letu.

Hili limechunguzwa. Watafiti waliosoma vinasaba vya kirusi hiki katika nchi za Morocco, Algeria na Tunisia waliona kuwa kilisambaa kwa kufuata barabara zaidi kuliko umbali wa mstari ulionyooka, jambo linaloonyesha kuwa watu ndio waliokuwa wakiwasafirisha mbwa.

Hapa kwetu tunao mfano wa Pemba. Kisiwa kile kilipambana na kichaa cha mbwa kwa kampeni za chanjo hadi ugonjwa ukatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 ukarudi. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa kirusi kiliingia upya kutoka nje ya kisiwa. Kati ya Pemba na bara kuna bahari ya kilomita 50 hivi, na hakuna mbwa anayeogelea umbali huo. Ilibidi mbwa wachanjwe tena kisiwani kote, na ugonjwa ukaisha tena mwaka 2018. Hesabu mwenyewe ni nguvu na fedha kiasi gani zilizotumika, na hofu kiasi gani waliyokuwa nayo wazazi, kwa sababu ya wanyama wachache waliopandishwa kwenye chombo bila chanjo.

Mwezi mmoja kabla

Kwa hiyo maandalizi ya safari hayaanzi jioni ya kuamkia siku ya kuondoka. Kwa mbwa au paka ambaye hajawahi kuchanjwa, chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe angalau mwezi mmoja kabla, maana mwili unahitaji wiki kadhaa kujenga kinga. Ndiyo, paka naye huchanjwa. Anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Baada ya hapo chanjo hurudiwa kila mwaka, au kwa muda ambao daktari wa mifugo ataandika kwenye kadi.

Shida kubwa iko kwa watoto wa mbwa. Kwa kawaida chanjo hii hutolewa mtoto akifikisha miezi 3, ingawa katika kampeni za chanjo wataalamu huwachanja hata walio chini ya umri huo. Lakini desturi yetu ni kugawa watoto wa mbwa wakiwa na wiki 5 au 6, mara tu wanapoanza kula ugali. Ushauri tunaoukubali ni kumwacha mtoto kwa mama yake hadi achanjwe, kisha usubiri mwezi, ndipo umchukue. Tunajua mjomba atasema mbwa wanamalizia unga. Mtumie hela ya unga. Ni nafuu kuliko dozi za chanjo za mtoto mmoja aliyeumwa, achilia mbali nauli za kumpeleka hospitali ya wilaya mara kwa mara.

Anayehusika na haya yote yuko karibu kuliko unavyodhani: ni afisa mifugo wa kata au kijiji. Yeye ndiye atakayekuambia chanjo inapatikana lini, maana chupa moja huwa na dozi za mbwa kadhaa na mara nyingi husubiri wafugaji wajikusanye. Mkijipanga majirani watano, kazi inakuwa rahisi. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika maeneo mengi chanjo hutolewa bure au kwa bei ndogo kipindi hicho. Ukiwa na safari ya Desemba, hiyo ndiyo nafasi yako.

Afisa huyohuyo ndiye wa kumuuliza kuhusu kibali. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa serikali mamlaka ya kudhibiti usafirishaji wa wanyama, na kukiwa na mlipuko wa ugonjwa eneo linaweza kufungwa kabisa. Mweleze unatoka wapi, unakwenda wapi na kwa chombo gani, akupe karatasi zinazohitajika. Kama unavuka kwenda Zanzibar, huko kuna mamlaka yao ya mifugo na masharti yao. Uliza kabla ya kukata tiketi ya boti. Kuvuka Tunduma kwenda Zambia, Kasumulu kwenda Malawi, au Namanga kwenda Kenya kunahitaji cheti cha afya na ruhusa ya nchi unayoingia, na usitegemee kuyapata hayo ukiwa umesimama mpakani na mbwa mkononi.

Kadi ya chanjo ipige picha kwa simu, pande zote mbili. Karatasi hulowa, hupotea, na wakati mwingine mbwa mwenyewe huitafuna.

Wiki ileile ya safari mkague kupe na viroboto, umuogeshe kwa dawa aliyokuelekeza mtaalamu. Usimpakie nyumba nzima ya kupe kwenye kiti cha watu.

Tenga, boksi na kile kiroba

Sasa tuje kwenye chombo cha kumbebea. Kwetu mtoto wa mbwa husafiri kwenye kiroba, na paka kwenye gunia au salfeti iliyofungwa mdomo kwa kamba, au ndani ya lile begi kubwa la shangazi kaja, zipu ikiachwa wazi vidole viwili. Tunalisema hili bila kuzunguka: kiroba na salfeti vinaua. Si kwa kukosa hewa tu. Vinaua kwa joto.

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hutoka jasho kidogo kwenye nyayo, na njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kuhema ulimi ukiwa nje, ili mate yakauke na kuondoka na joto. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa anayoitoa ina unyevu na haina pa kwenda. Baada ya muda anahema hewa ileile ya moto, na kuhema hakumsaidii tena. Paka huhema mdomo wazi mara chache sana. Ukimwona anafanya hivyo, ameshazidiwa.

Kwa sababu hiyohiyo usimfunge mbwa mdomo kwa kamba safari nzima. Makondakta wengine huomba hivyo, na tunawaelewa, wanawalinda abiria. Lakini mbwa aliyefungwa mdomo kwenye gari lenye joto ni kama binadamu aliyevikwa makoti matatu juani. Kama ni lazima, mfunge kwa dakika chache wakati wa kumpandisha na kumshusha, kisha mfungue akishakuwa ndani ya chombo chake.

Chombo bora kwa bei ya kijijini tunacho tayari: tenga. Tenga la kuku lililosukwa kwa fito au mianzi hupitisha hewa pande zote, ni jepesi, na kifuniko chake hufungika. Linamtosha paka mkubwa au mtoto wa mbwa. Tandika boksi lililokunjuliwa, juu yake khanga kuukuu aliyokuwa akiilalia, yenye harufu ya nyumbani. Harufu hiyo humtuliza kuliko maneno yako. Boksi gumu la karatasi linafaa kwa safari fupi ukilitoboa matundu ya kutosha pande zote, si juu peke yake, maana mizigo ikiwekwa juu matundu yote yanaziba. Ujue pia kuwa paka akikojoa, chini kunalainika, na paka mwenye hofu hupita penye tundu dogo.

Mwingize ndani ya tenga siku kadhaa kabla, ukiwa nyumbani. Mlishie humo. Liache wazi, aingie na kutoka. Mnyama anayelijua tenga lake halii njia nzima, na abiria hawakusemi.

Kwa mbwa mkubwa, tenga halitoshi. Huyo apewe nafasi kwenye gari dogo au nyuma ya pikapu, akiwa ndani ya kreti la mbao lenye nafasi kati ya ubao na ubao, akiweza kusimama na kujigeuza. Lisiwe kubwa mno pia; gari likikata kona anarushwa huku na huku. Nyuma ya pikapu au fuso bila kreti ndiko tunakosikia habari mbaya: mbwa amefungwa shingoni kwa kamba ndefu, gari linapunguza mwendo kwenye tuta, anaruka, na kamba inamnyonga akining'inia pembeni. Kama huna kreti kabisa, tumia mkanda unaozunguka kifua, si shingo, kamba iwe fupi kiasi kwamba hawezi kufika ukingoni, na mtu anayemjua akae naye.

Ndani ya gari dogo asikae mbele kwenye mapaja ya dereva, wala asitoe kichwa dirishani. Anapendeza, tunakubali. Lakini mchanga na kokoto za barabara ya vumbi huingia machoni, na breki moja ya ghafla hufanya mbwa wa kilo 20 awe mzigo unaoruka.

Basi, noah au bodaboda?

Kampuni za mabasi hazina msimamo mmoja. Zipo zinazokataa mnyama yeyote, zipo zinazokubali kwenye buti kwa malipo, na zipo zinazomwachia kondakta aamue. Uliza siku ya kukata tiketi, si saa 11 alfajiri stendi wakati mpiga debe anakuambia "panda tu, mzee, hakuna shida". Shida itaanzia njiani, abiria wa kiti cha jirani akisema hataki kukaa na paka, na ana haki.

Kuhusu buti, msimamo wetu ni kwamba si mahali pa mnyama mwenye uhai. Kuna joto, hasa sehemu iliyo karibu na injini. Kuna vumbi, na moshi wa gari unaweza kuingia. Mizigo husogea, na hakuna anayesikia mnyama akilia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama asafirishwe bila kuteswa, na saa nane ndani ya buti chini ya magunia ya viazi ni mateso. Afadhali uchange na mtu mwingine mkodi nafasi kwenye noah au pikapu inayokwenda huko, au usubiri ndugu mwenye gari. Kwa umbali mfupi kosta ya asubuhi, tenga likiwa miguuni pako, inatosha.

Bodaboda ndiyo usafiri wa wengi, kwa hiyo tuiseme. Tenga lifungwe kwenye keria kwa mipira pande mbili, kifuniko kifungwe kwa kamba tofauti, na kabla ya kuondoka ulitikise uone kama linacheza. Usimshike mbwa mkononi ukiwa abiria wa nyuma, na ule mshikaki wa watu wawili na mbwa katikati uache kabisa. Mnyama akishtuka na honi ya lori, dereva hana la kufanya. Mwombe pia asimsogeze mnyama karibu na bomba la moshi. Kuungua huko hakuponi haraka.

Saa ya kuondoka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Chukua njia ya Morogoro kwenda Iringa. Ukipita Ruaha Mbuyuni saa 8 mchana mwezi wa Novemba, hata wewe unayetoka jasho unateseka. Ukipita pale saa 2 asubuhi, mnyama wako hajui kama kuna bonde la joto. Kisha mnaanza kuupanda mlima wa Kitonga, kona juu ya kona, na hapo ndipo wanyama wengi hutapika. Mbele zaidi, Makambako na Njombe mwezi Juni na Julai kuna baridi kali, na mtoto wa mbwa nyuma ya pikapu usiku anaweza kufa kwa baridi siku ileile aliyohemea joto mchana. Beba gunia la kumzungushia upande wa upepo, bila kuziba hewa.

Mwisho wa chakula uwe saa 3 au 4 kabla ya kuondoka, tena kidogo. Maji usimnyime, mpe kidogo kidogo kila mnaposimama. Dalili za kichefuchefu ni kudondosha mate, kulamba midomo, kupiga miayo na kuhangaika. Akitapika, msafishe, mpumzishe, usimlazimishe kula. Watoto wa mbwa huathirika zaidi, na wengi huacha hali hiyo wakikua.

Na dawa? Usimpe mnyama kidonge chochote cha binadamu ili alale. Panadol ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Pombe, ambayo bado wapo wanaoipendekeza, nayo ni sumu. Dawa ya kumtuliza atoe daktari wa mifugo aliyemuona na kumpima uzito, na hata yeye mara nyingi atakuambia hahitaji.

Gari likisimama

Kila saa mbili hivi mbwa anahitaji kunyoosha miguu na, kama wasemavyo abiria, kuchimba dawa. Mfunge kamba kabla ya kufungua mlango, si baada ya kufungua. Mbwa wengi wanaopotea safarini hupotea katika sekunde hizo, kwenye stendi au mahali pa chakula, wakiwa hawajui harufu hata moja ya eneo hilo. Paka usimtoe kabisa hadi mfike. Andika namba yako ya simu kwenye mkanda wake wa shingoni kwa kalamu isiyofutika, na mpige picha kabla ya kuondoka.

Usisimame kumshusha ndani ya hifadhi. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Hapo mbwa abaki ndani ya gari. Kuna simba na chui wa kumkamata, na kuna hatari ya upande wa pili ambayo watu hawaifikirii. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, na mbwa wa vijiji vya jirani walihusishwa na chanzo chake. Distempa nayo ina chanjo yake; muulize mtaalamu wakati unachanja kichaa.

Usimwache kwenye gari lililofungwa, hata "dakika tano tu ninunue vitunguu". Nje kukiwa na nyuzi joto 24, siku ambayo wewe unaiona ya kawaida, ndani ya gari lililo juani joto hufika karibu nyuzi 35 kwa dakika 10, na kupita nyuzi 40 kwa nusu saa. Kufungua kioo kidogo hakubadilishi sana hesabu hiyo. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Ukimkuta anahema kwa kasi isiyo ya kawaida, mate mazito, ufizi mwekundu sana, anayumba au ameanguka, mtoe kivulini mara moja. Mmwagie maji ya kawaida tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee kwa kadibodi. Usimfunike kwa kitambaa kilicholowa ukakiacha hapo, kwa kuwa kinazuia joto kutoka. Mpe maji ya kunywa kidogo kidogo akiwa na fahamu, usimkamie mdomoni kwa nguvu. Kisha piga simu kwa mtaalamu wa mifugo wa eneo lolote mlipo.

Akimuuma mtu safarini

Mnyama mpole nyumbani anaweza kuuma safarini, kwa hofu tu. Utingo amesaidia kumshusha, ameng'atwa kidole. Usilichukulie kuwa jambo dogo, na usikimbie.

Kidonda kioshwe palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko unavyofikiri. Weka saa ya simu. Sabuni yoyote inafaa, hata ya mche. Usipake mafuta ya breki, majivu wala dawa za kienyeji. Kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya binadamu haipo katika kila zahanati, kwa hiyo apige simu kwanza kujua ilipo, na akianza azimalize dozi zote kwa tarehe alizopangiwa.

Wewe mwenye mbwa mpe namba yako ya simu ya kweli na umwonyeshe ile picha ya kadi ya chanjo. Mbwa asiuawe wala kutupwa. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye tayari ana kirusi kwenye mate huonyesha ugonjwa au kufa ndani ya muda huo. Akiwa mzima siku ya 10, daktari ana habari muhimu ya kumsaidia aliyeumwa. Lakini aliyeumwa asisubiri siku hizo ndipo aende hospitali.

Kule mnakofika

Paka akifika, wengi humwachia uani, na kesho yake hayupo. Wapo wanaoamini kwamba ukimfunika njiani asione, hatarudi alikotoka. Kinachomzuia kuondoka ni kuzoea, wala si giza la gunia. Mfungie katika chumba kimoja, stoo ileile yenye panya ikiwezekana, kwa wiki mbili au tatu, umlishe kwa saa zilezile na umwekee mchanga wa kujisaidia. Akishajua kwamba chakula kinatoka kwako, mfungulie mlango jioni kabla ya kumpa chakula, atarudi kula.

Mbwa naye afungwe au akae ndani ya uzio wiki za mwanzo. Watoto wa nyumba hiyo waelezwe wasimkumbatie wala kumsogelea akila. Alikotoka alikuwa na watoto wake anaowajua. Hawa wa kwako bado ni wageni kwake.

Na wewe unayepokea, ndugu msikilizaji, una swali moja la kumuuliza anayekuletea kabla hajapanda gari: kadi ya chanjo iko wapi, na ina tarehe gani? Nitumie picha. Mjomba anaweza kuona unamdharau, kwa hiyo mwambie redio ndiyo iliyokuagiza. Kama mnyama ameshafika na hana kadi, andika kwenye simu tarehe aliyoingia, mtenge na mbwa wengine na watoto, na umpigie afisa mifugo wiki hiyohiyo ili achanjwe. Kwa miezi kadhaa inayofuata angalia mabadiliko: mbwa mchangamfu aliyekuwa mkimya na kujificha gizani, mpole aliyeanza kuuma vitu ovyo, sauti iliyobadilika, mate yanayodondoka na kushindwa kumeza, miguu ya nyuma inayolegea. Ukiona lolote kati ya hayo, usimguse kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Funga mlango, watoe watoto uani, na upige simu.